Maua ya Bluu kwenye Mpaka wa Baba

Mwanangu wa kwanza alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akasema, "Mzee, nyumba mpya imetoka vizuri, ila hivyo vichaka ubavuni vinaharibu picha. Ving'oe. Weka seng'enge, halafu tupandishe yale maua ya kutambaa. Hapo patakuwa pakali." Nikamjibu, "Haya."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kusema, "Ngoja kwanza nimwulize baba yako mdogo." Nilikuwa na miaka sitini na minane, nimesoma hadi kidato cha nne, nimeandika barua za watu na mihtasari ya mikutano ya kijiji miaka mingi, na nilijua vile vichaka ni nini. Mwanangu hakujua. Kwa hiyo simlaumu yeye. Anayestahili lawama ni aliyesema haya.

Vichaka vyenyewe vilikuwa mstari mmoja wa miravumba, kati ya ua wangu na ua wa mdogo wangu. Mravumba kwa Kiha tunauita umuravumba, na kwetu upande huu wa Kumsenga hakuna mama asiyeujua, maana majani yake hukamuliwa, maji yake machungu hupewa mtoto mwenye kikohozi au homa. Si mmea wa kupendeza sehemu kubwa ya mwaka. Vijiti vyake ni laini, vinavunjika ukivigusa kwa bega, na majani yake yananata na kunuka kama dawa. Lakini ukifika kiangazi, wakati kila kitu kimekauka na vumbi limekaa juu ya migomba, mravumba hupukutisha majani yote, ukabaki mifupa mitupu, halafu ile mifupa hutoa maua. Maua madogomadogo, meupe yenye zambarau kwa mbali, mengi kiasi kwamba mstari mzima huonekana kama moshi wa jiko umetanda chini ukasahau kupanda. Nyuki wa mdogo wangu, aliyekuwa na mizinga miwili nyuma ya jiko lake, waliishi kwa maua hayo hadi mvua iliporudi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mmea uchague kutoa maua wakati wa njaa. Mimea mingine husubiri maji. Huu husubiri majani yaondoke. Nilikaa nao zaidi ya miaka arobaini bila kujiuliza swali hilo. Nilianza kujiuliza baada ya kuung'oa.

Baba ndiye aliyeupanda, au tuseme tuliupanda watatu. Alipoona nguvu zinampungua alituita, mimi na mdogo wangu, pamoja na majirani wanne wa kushuhudia, akagawa shamba. Hakutumia kamba wala futi. Alitembea. Alikuwa anatembea polepole na fimbo, akizunguka kichuguu kilichokuwapo wakati ule, akakwepa mwamba, akapinda kidogo kuelekea kwangu, kisha akarudi. Kila hatua chache alisimama akachomeka fimbo, na pale alipochomeka sisi wawili tulichimba shimo, mimi na jembe langu na mdogo wangu na lake, tukitazamana. Ndani ya kila shimo baba alitupa vigae viwili vya chungu cha mama kilichovunjika, akafukia kidogo, juu yake akachomeka kijiti cha mravumba. "Mti unaweza kufa," alisema. "Kigae hakifi. Mkigombana, chimbeni." Halafu tukanywa pombe ya ndizi, na wale majirani wakaimba kwa sauti mbaya.

Hatukugombana. Tuliokua tulikuwa wawili tu. Wengine watano mama aliwazika wachanga. Mdogo wangu alikuwa mtu wa mizaha. Mimi nilikuwa mtu wa kalamu. Yeye alilima maharage na mibuni, akawa anapeleka maharage Mtendeli wakati kambi ile ya wakimbizi ilipokuwa imejaa, akajuana na watu, na mwanawe wa pili akabaki huko Kakonko akafungua duka. Tuliishi kila mmoja upande wake wa miravumba, na asubuhi tulisalimiana juu yake. Alinifundisha hata kupiga miluzi kwa jani lake, ujinga ambao mzee kama mimi hakupaswa kuujua.

Baada ya simu ya mwanangu nilikwenda Kasulu. Nilisema nakwenda kutafuta maua, na ni kweli, lakini pia nilikuwa na hamu ya kujua. Sijawahi kununua ua maishani. Kwetu mmea unaombwa kwa jirani, unapewa kijiti, unachomeka. Nikataka kuona mtu anayeuza.

Nilimkuta mama mmoja Mkongomani kando ya barabara ya kuingia mjini, ameketi kwenye kibao katikati ya miche iliyopangwa kwenye mifuko myeusi ya nailoni. Alitoka kambi ya Nyarugusu, aliniambia, na alikuwa anauza miche siku anazoruhusiwa kutoka. Alikuwa na maua ya aina nyingi, lakini yaliyonisimamisha yalikuwa mawili. Moja lilikuwa kichaka chenye ua jekundu kubwa, lenye ulimi mrefu unaotoka katikati. La pili lilikuwa linatambaa, limekwisha panda kijiti alichokiwekea, limekimaliza, na kwa kuwa halikuwa na pa kwenda likaanza kupanda kijiti cha mche wa jirani. Ua lake lilikuwa la bluu iliyopauka, kama anga la saa mbili asubuhi, na kooni njano kidogo.

"Karibu papa," alisema. "Iko mbili. Hii ya kupanda, hii ya kusimama. Unapenda gani?"

"Ipi nzuri?"

Alicheka. "Nzuri ya kufanya nini? Mtu haulizake mke nzuri, anauliza mke ya nyumba gani."

Nikacheka na mimi. Nikamwuliza tofauti, naye akanieleza kwa subira, akigusa kila mche kwa kidole. Lile la kusimama, alisema, linakaa mahali ulipoliweka. Linanenepa, halihami. Ukilikata linakuwa na adabu, ukiliacha linakuwa kama mtu asiyenyoa, lakini utalikuta palepale. Lile la kupanda halina mwili wake. Linatafuta mwili wa mwingine. Ukilipa waya litapanda waya, ukilipa mti litapanda mti.

"Mwaka moja tu, papa, linafunika kila kitu. Hata choo inakuwa nzuri. Ao unataka ya kuweka kwa limite?"

Limite ndivyo wanavyoita mpaka. Niliinama nikagusa lile ua la bluu. Kisha nikasema, "Ya kupendezesha tu."

"Bon. Juu kama ni ya limite, usitwae hii. Hii haijuake limite, inatembeaka. Kwa limite unaweka ya kusimama. Ile ya kupanda unaiweka kwa mlango, wageni waone."

Sikumwambia ukweli, na bado sijui vizuri kwa nini. Alikuwa mtu nisiyemjua, asiyemjua mdogo wangu, na shauri lake lilikuwa la bure. Nadhani nilijua kwamba nikimwambia kweli atanikatalia, na nilikuwa nimekwisha penda ile bluu. Nilinunua miche sita ya ile ya kupanda. Aliifunga kwa gazeti, akanionya nisiiache ikashikana njiani, na kweli, nilipoifungua nyumbani miwili ilikuwa imekumbatiana.

Mke wangu aliitazama miche, akatazama ule mstari, akanitazama mimi.

"Mzee," alisema, "mwenye nusu ya ile miravumba yuko msibani."

Mdogo wangu alikuwa amekwenda Kakonko, baba mkwe wa mwanawe alikuwa amefariki, na angekaa huko wiki nzima.

"Najua," nikasema.

"Basi utang'oa nusu yako, nusu yake utaiacha imesimama? Hebu nionyeshe nusu ya mravumba inavyokuwa, sijawahi kuona."

"Mvua imekaribia. Tukichelewa miche itakufa."

"Miche sita haijawahi kuua mtu kwa kusubiri siku sita."

Nilisubiri siku moja. Nataka niseme kweli hapa, maana nimekwisha zeeka na sioni faida ya kujipamba. Mvua haikuwa sababu. Sababu ni kwamba mdogo wangu angekuwapo angesimama upande wake na kusema neno moja la mzaha, nami ningeliweka jembe chini. Nilichagua wiki ambayo hayupo.

Nilichimba asubuhi mbili. Mravumba haushiki sana ardhi, unatoka kwa kuvutwa, lakini kwa sababu fundi wa seng'enge alitaka mtaro wa kusimika nguzo, nilichimba kwa kina na kutupa udongo huku na huku. Nilikuwa nikiona vigae. Vyekundu, vingine na mistari ya kucha alizotia mfinyanzi. Niliviona nikajua ni nini, na niliendelea kuchimba. Kimoja nilikiokota nikakifuta kwenye suruali nikakaa nacho kidogo. Kisha nikakitupa pamoja na udongo.

Fundi akauliza, "Mzee, tunafuata wapi?" Nikamwonyesha nguzo mbili za mwisho, ya barabarani na ya bondeni. Akavuta kamba kati ya hizo mbili. Kamba haijui kuzunguka kichuguu. Kichuguu chenyewe kilikuwa kimeisha zamani, tulikifyatulia matofali, lakini mstari wa baba ulikuwa bado unakizunguka kwa heshima, kuja upande wangu. Kamba ilipita katikati ya lile tumbo. Mibuni mitatu ya mdogo wangu, iliyokuwa ndani ya tumbo lile, ikabaki upande wangu wa kamba.

Niliona. Nikasema, "Endelea, tutarekebisha."

Mdogo wangu alirudi Jumamosi. Nilisikia sauti yake kabla ya kumwona.

"Mukuru!" Ndivyo alivyoniita maisha yote, kaka mkubwa. "Mukuru, nani kazinyoa ndevu za baba?"

Nikatoka. Alikuwa amesimama na begi lake begani, vumbi la safari miguuni, anacheka. Nilitamani sana aendelee kucheka. Nikamweleza kuhusu mwanangu, kuhusu nyumba, nikamwonyesha miche. Aliinama akaitazama kwa makini, maana naye alikuwa mtu wa kupenda kujua.

"Inatoa bluu?"

"Bluu."

"Shemeji amekubali?"

"Shemeji yako hakubaliani na kitu chochote tangu tumeoana."

Akacheka tena. Halafu macho yake yakafuata waya polepole, nguzo hadi nguzo, yakafika kwenye mibuni, yakasimama. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kahawa yangu imehamia kwako bila kuaga."

"Utakuja kuchuma wakati wowote. Ni yako."

"Nije kubisha hodi kwa ajili ya kahawa yangu?"

"Ni mdogo wangu wewe, utabisha hodi ya nini?"

"Basi rudisha waya nyuma."

"Ngoja mvua ipite. Nguzo zimeshakauka saruji."

Akainua begi lake akaingia kwake. Hakuwa amekasirika, nadhani. Alikuwa ananipa nafasi. Mvua ilipita, na nyingine ikaja.

Sasa niseme habari za lile ua, maana nikilisema vibaya tu nitakuwa mwongo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwezi wa kwanza lilikaa kama linafikiri. Mwezi wa pili likaanza. Nilikuwa nafunga uzi mwekundu kwenye ncha asubuhi, nikirudi kesho yake uzi umebaki nyuma urefu wa kiganja changu. Ncha ile haina macho, lakini nilichomeka kijiti pembeni, hatua moja mbali, na kwa siku chache ncha ilizunguka hewani polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani, hadi ikakigusa. Ikishagusa, inajiviringisha, na siku zote upande uleule. Nilijaribu kuiviringua na kuigeuza upande wa pili. Ikaachia, ikarudi upande wake. Nilisahau hata chai.

Maua yalipotoka, nyuki wa mdogo wangu hawakuyataka sana. Nilikaa kwenye kigoda nikahesabu wageni. Aliyekuja zaidi ni lile dudu jeusi kubwa linalotoboa mbao za paa. Linaingia lote ndani ya ua, linatoka na unga mgongoni. Nyuki wadogo walipita tu. Kiangazi cha kwanza bila miravumba, mzinga mmoja wa mdogo wangu ulihama. Aliniambia mwenyewe, juu ya waya, kama anayetoa habari za jirani: "Wale wa mzinga wa kushoto wameondoka. Wamesikia Kakonko kuna maua."

Watu walianza kuja kutazama. Walimu wa shule, wahudumu wa zahanati, maharusi wawili walipiga picha mbele ya ua langu. Mwanangu alipokuja likizo alitembea mbele ya fensi na simu mkononi akisema, "Mzee, umetisha." Kila aliyeomba kipandikizi nilimpa. Waliniuliza, "Mzee, kwa bustani tuchague la kupanda au la kusimama?" nami nikawa najibu kama mtaalamu. Niliwapa hata maneno ya yule mama wa Kasulu kana kwamba ni yangu: la kusimama mpakani, la kupanda mlangoni. Nilisema hivyo huku nimeegemea mpaka niliopandia la kupanda.

Upande wa pili wa waya mambo yalikuwa tofauti. Lile ua lilivuka. Lilishuka kutoka juu ya seng'enge, likatambaa chini ya maharage, likapanda mibuni ya mdogo wangu iliyobaki kwake, likaifunika hadi ikaonekana kama watu waliovikwa shuka. Alikata. Likarudi. Alikata tena, akachimba, na siku moja akaniita nikamwone.

"Mukuru, njoo uone maajabu."

Alikuwa amefukua mzizi. Chini yake kulikuwa na viazi, vinene, kama mihogo iliyovimba, vimefungamana. Alikipasua kimoja kwa panga. Ndani ni cheupe na maji. Tuliinama wote wawili tukatazama, na kwa dakika chache tulikuwa tena watoto wawili waliokuta kitu shimoni. Alikigeuza mkononi.

"Kinaliwa?" aliuliza.

"Sijui. Anza wewe."

"Mimi mdogo. Mkubwa ndiye anayeonja sumu kwanza." Kisha akakiweka chini na kusema, bila mzaha, "Kila kipande kinachobaki kinatoa kingine. Siwezi kuumaliza peke yangu. Ung'oe, mukuru. Tupande mravumba. Vijiti ninavyo, nilihifadhi nyuma ya jiko."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba. Nikasema nitaongea na mwanangu. Mara ya pili aliniomba mbele ya mke wangu, baada ya ibada, nami nikasema, "Na hiyo miravumba tutaichomeka wapi? Unakumbuka wewe mstari ulipita wapi?" Nilidhani nimesema jambo la akili. Mke wangu aliinuka akaenda nje.

Mdogo wangu alinitazama. "Ulikuwa unakumbuka wewe," alisema, "kabla hujachimba."

Alikwenda kwa wazee wa kitongoji. Sikuona vibaya; ndiyo njia. Walikuja watatu, mmoja wao akiwa mtoto wa jirani aliyekunywa na baba siku ile. Mashahidi wenyewe walikuwa wamekufa wote. Yule alisema, "Mzee wenu alisema chimbeni. Basi tuchimbe." Vijana wawili wakachimba. Walipata vigae. Walivipata kwenye waya, wakavipata hatua tatu upande wangu, wakavipata kwenye tuta la maharage la mdogo wangu, wakapata hata kwenye udongo niliojazia njia ya kuingilia nyumbani. Walivipanga juu ya gunia. Vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani, na havikusema chochote.

Mzee mmoja akauliza, "Aliyechimba hapa mwanzo ni nani?"

"Mimi," nikasema.

Hawakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Walisema wao hawawezi kuchora mpaka ambao macho yao hayajauona, na kwamba sisi wawili tuliochimba yale mashimo ndio pekee tuliobaki hai, kwa hiyo tukubaliane palepale nao watashuhudia.

Mdogo wangu akachukua kamba iliyokuwa chini, akanipa mimi. "Vuta wewe, mukuru. Wewe ndiye mkubwa. Popote utakapoiweka, nitakubali mbele ya wazee hawa."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na kamba mkononi. Nilijua tumbo la ule mstari lilipokuwa. Si kwa hatua kamili, lakini nilijua. Ningeweza kuizungusha mibuni mitatu na hatua mbili zaidi, nikapoteza kitu gani? Fensi ingebomolewa upande mmoja. Picha ya mwanangu ingepinda. Watu waliokuwa wamesimama kutazama wangejua kwamba nilikuwa nimekosea tangu mwanzo. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nikasema, "Kwa kuwa hatuna uhakika, tuache waya ulipo." Nikaishikilia kamba kwenye waya.

Mdogo wangu akasema, "Nimekubali." Akapeana mkono na wazee mmoja mmoja. Akanipa na mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Baada ya mavuno alihamia Kakonko kwa mwanawe. Hakuuza shamba, alilipangisha. Hakunikataza kitu, hakunitukana kwa mtu yeyote, maana watu wangeniletea. Nilipompigia simu alipokea, akaniuliza habari za shemeji, akaniambia habari za mvua. Mizaha ilikuwa imekwisha. Aliacha kuniita mukuru. Aliniita mzee, kama wanavyoniita wote.

Mwaka uliofuata niling'oa lile ua. Sikumwambia mwanangu, wala yeye hakuwahi kuuliza. Alikuwa amekwisha jenga kwingine. Nilifukua viazi kwa mikono, nikavikausha juani, nikavichoma. Vinachelewa sana kuungua. Mvua iliponyesha vichipukizi vilitoka sehemu kumi na moja, baadhi mahali ambapo sikupanda kitu. Nilisoma kila nilichopata, nikamwuliza bwana shamba wa kata, akasema endelea kukata na uwe mvumilivu. Nikamwuliza kama mmea unaweza kujua umechukiwa. Akacheka akidhani natania. Nilikuwa nauliza tu.

Nilirudisha waya nyuma. Nilizungusha mibuni mitatu, nikaongeza hatua nne, nikachomeka miravumba niliyoiomba kwa jirani wa mbali, maana ile iliyokuwa nyuma ya jiko la mdogo wangu mpangaji alikuwa amekwisha ikata. Imeshika. Nilimpigia simu kumwambia. Nilimwomba aje aione, aiamue mwenyewe kwa miguu yake, popote atakapopita nitachomeka.

"Sawa mzee," alisema. "Kifua kikitulia nitakuja."

Sikumwuliza kifua kimekuwaje. Nilidhani ana kikohozi cha vumbi. Nilidhani kuna wakati.

Mwanawe wa Kakonko alinipigia mchana mmoja wa Jumatano. Baba yao alikuwa amefariki Jumapili, wakamzika Jumatatu, hukohuko. Nilimwuliza kwa nini hawakuniambia, kwa nini hawakumleta alale karibu na baba yetu. Ni kijana mwenye heshima, na nilisikia anavyotafuta maneno ya kumwambia baba yake mkubwa.

"Alikataza mwenyewe, baba mkubwa. Alisema msinirudishe kwenye ardhi ambayo sijui inaishia wapi."

Nilikwenda Kakonko kesho yake. Nilisimama kaburini, kwenye shamba la watu nisiowajua, nikasalimiwa vizuri, nikapewa kiti na chakula kama mgeni.

Hiyo ndiyo gharama ya neno nililolisema kwenye simu. Sikupoteza ardhi hata hatua moja ambayo nisingeweza kuishi bila hiyo. Nilimpoteza mdogo wangu akiwa hai, miaka mitatu kabla hajafa, na alipokufa sikuwa mtu wa kuambiwa. Hakuna tena duniani mtu aliyemwona baba akitembea na fimbo siku ile isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyefuta alipopita.